Ukurasa Alioupigania Irini Wadie

Abuna, padri wetu, ndugu wafiwa, majirani wa Shubra na wenzake wa kazini, mimi ni Maged, mtoto wa dada wa marehemu, na familia imenikabidhi kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, niyasome yote, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Marehemu Irini Wadie Bishara alizaliwa tarehe 14 Novemba 1960, hapa hapa Shubra, Kairo, mtoto wa pili wa Mzee Wadie, karani wa posta, na Mama Anjil. Alisoma shule ya wasichana ya kanisa kuanzia 1966 hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha sanaa za matumizi, Giza, ambako mwaka 1980, kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu vya Ezbekiya, alinunua mwongozo wa chapa wa shirika moja la reli la Ulaya, yaani kile kitabu kinachoagiza nembo ikae wapi, rangi iwe ipi na herufi ziwe na ukubwa gani, akakosa koshari, chakula chake cha mchana, wiki nzima kwa ajili yake, na hakujuta hata siku moja.

Alihitimu 1983, akafanya kazi kiwanda cha uchapaji Faggala, na mwaka 1995 akafungua ofisi yake Heliopolis, yenye rafu nzima ya miongozo ya mashirika ya ndege, ya posta na ya mabenki, na kila alipokwama hakutazama nembo za watu, alisoma miongozo hiyo akitafuta jinsi mtu mwingine alivyofikia uamuzi wake, na sisi tuliojifunza kazi ofisini kwake tulipokimbilia kuiga alitukata maini kwa maneno machache: "Mwizi mjinga huiba nembo, mwenye akili huiba sababu yake."

Tarehe 20 Septemba 1987 alifunga ndoa na Atef Shenuda, mwalimu wa hesabu, katika kanisa la Malaika Mikaeli, wakajaliwa Marina, 1989, na Kirolos, 1993.

Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha dawa kilimpa kazi iliyompa jina, akakiandikia mwongozo wake bora kuliko yote, paketi zote nyeupe, mstari mmoja wa buluu, jina la dawa kwa herufi ndogo za adabu, na rafu za maduka ya dawa zikapendeza mpaka akapewa tuzo. Daktari Raafat, mwenye duka la dawa chini ya nyumba yao, hakupiga makofi. Alimwambia, "Dada Irini, hizi paketi ni mapacha, na mimi nina macho mazima. Bibi mwenye mtoto wa jicho atafanyaje?" Marehemu alicheka, akamjibu kwamba chapa isiyofanana ni soko la mboga, wala hakuwa na ubaya moyoni, alikuwa na kiburi cha fundi tu.

Tarehe 11 Februari 2017 Mama Anjil hakuamka. Kwa siku mbili alikuwa amemeza dawa ya sukari ya Mzee Wadie akidhani ni yake ya presha, na paketi zote mbili zilikuwa mezani, nyeupe, zimepangwa vizuri.

Baada ya arobaini marehemu alirudi kwenye rafu, akaanza na ule mwongozo wa reli, akaukuta mwishoni ukurasa ambao kwa miaka thelathini na saba aliupita haraka kwa kuwa hauna picha, ukisema kwamba pale utaratibu unapoweza kumdhuru abiria, utaratibu ndio uvunjwe. Akaandika ukurasa kama huo kwa ajili ya kiwanda, kila dawa na rangi yake, jina kubwa, akaupeleka mwenyewe mara tatu, na mara ya mwisho mkurugenzi alimwambia, "Madam, wateja wameshatuzoea. Wewe ndiye uliyetufundisha tusibadilike." Alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni, akakaa pale pale sakafuni.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na dawa zake nyingine zilikuwa za kiwanda hicho hicho, kwa hiyo kila jioni Atef alimsomea majina kwa sauti kabla ya kumpa, hadi Bwana alipomtwaa nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, saa kumi alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Daktari Raafat, majirani waliotupikia, wenzake wa ofisi, na kiwanda pia, kwa shada la maua na kwa kumtuma mkurugenzi, ambaye tunamwona pale mbele.

Jana, nyumba ikiwa imejaa watu, shangazi Fauziya aliomba dawa yake ya presha, akaletewa paketi, akatoa vidonge viwili, na Atef akaupiga mkono wake vikaanguka, maana vilikuwa vya sukari. Kwa hiyo Atef anaomba kwamba mtakapokuja sala ya siku ya tatu msilete chakula, leteni dawa zenu, kila paketi nyeupe iliyo kabatini, atakaa mezani na kalamu nyekundu aandike majina kwa herufi kubwa, na mheshimiwa mkurugenzi, ukipenda, kiti chako kitakuwa karibu na chake.

Pumzika, mama yetu mdogo, kwa amani ambayo sisi bado hatunayo.