Sauti Aliyokataa Ipungue: Gikonyo Muchiri, 1958–2025

Marehemu Gikonyo Muchiri alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 huko Mweiga, mtoto wa tatu wa marehemu Muchiri Kihara na marehemu Waithira. Alisoma huko huko hadi darasa la saba. Hesabu ilimshinda, gitaa alilojiundia kwa mbao na waya halikumshinda.

Kwa miaka arobaini alipiga gitaa katika harusi na hoteli, kuanzia Nyeri mjini hadi Naro Moru. Mwaka 2014 alinunua mashine ndogo ya kukanyaga kwa mguu, inayonasa sauti na kuirudia bila kukoma. Aliwafundisha vijana kitufe chake cha kuzungusha: ukikifungua hadi mwisho, kila ulichopiga kinabaki, ukikirudisha kidogo, sauti inapungua kila inaporudi, na ya zamani ndiyo hutangulia kutoweka. "Ati unataka kila kitu ibaki?" aliwatania. "Utabaki na kelele." Lakini mganga hajigangi.

Alimwoa Ngendo mwaka 1983, wakajaliwa Muchiri na Waithira. Asubuhi moja ya 2019, akijaribu mashine jikoni, ilinasa sauti ya mkewe: "Baba Muchiri, chai inapoa." Walicheka sana, mashine wakaiacha ikirudia. Wiki tatu baadaye tulimzika Ngendo.

Mashine ile ikizimwa husahau, kwa hivyo marehemu aliiunganisha na betri ya gari, stima ikipotea isizimike. Alifungua kitufe hadi mwisho. Kila jioni alimpigia Ngendo gitaa kidogo, na kila alichopiga kilibaki. Kufikia mwisho wa 2020 gitaa lilikuwa limemfunika. Waithira aliweka sikio kwenye spika na hakumsikia mama yake. Kupunguza kitufe kungemtoa Ngendo kwanza, naye marehemu aliogopa. Alitundika gitaa ukutani, akaishi na ule mngurumo miaka minne. Wageni walikuwa wakiaga mapema.

Januari 2025 alipatikana na saratani ya tumbo. Tarehe 13 Machi, akiwa hospitalini, alimwomba Waithira aende akarudishe kitufe nyuma. "Kidogo tu," alisema. "Ni mimi nilimfunika. Wacha tuishe pamoja."

Waithira alikizungusha asubuhi iliyofuata, saa tatu na nusu. Mngurumo ulichukua nusu saa kuisha, na simu ya hospitali ikaingia. Baba yake alikuwa amefariki saa nne. Nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama yake.

Mjukuu wake, Ngendo wa Muchiri, aliyepewa jina la nyanya yake kama ilivyo desturi, na ambaye marehemu alimwita mke wake kwa utani, hapo hapo aliweka kikombe cha chai mezani. Ana miaka minne. Alizaliwa sauti ile ikiwa imekwisha kufunikwa, na hakuna aliyemfundisha. Alisema, "Baba Muchiri, chai inapoa."

Marehemu ameacha watoto Muchiri na Waithira, mkaza mwana Kabura, na mjukuu Ngendo. Mashine imezimwa. Kikombe hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Pumzika kwa amani, Baba Muchiri. Umeitwa, nenda.