Skurubu za Goti la Rahimu

Kijiwe chetu cha Mabawa ni benchi moja ubavuni mwa fundi cherehani, na Manase hutupitia hapo na birika lake la kahawa baada ya alasiri. Jana tulimkuta Rahimu ametutangulia. Anakaa, anainuka, anakaa tena. Rahimu ni mkwezi wa minazi. Mwaka jana alianguka, kano ya goti ikakatika, akapasuliwa, ikaungwa na kubanwa kwa skurubu. Sasa goti linalegea tena, na daktari anataka aende Dar likapigwe picha kwa ile mashine ya sumaku. Safari ni kesho.

— Siendi, alisema. Sumaku na skurubu, wapi na wapi?

Mselem, tunayemwita Bunge kwa kupenda hoja, akaweka kikombe chini.

— Uko sahihi. Moa kuna jamaa aliingia na ufunguo wa bodaboda mfukoni. Mashine ikamvua suruali.

— Huo ufunguo tu, akadakia Fanueli. Skurubu imo ndani ya mfupa. Itatoka na goti zima.

— Haitoki, Bunge akageuka. Damu nzito kuliko maji. Itaishikilia.

— Damu ishikilie chuma?

— Basi dawa ya moto ni moto. Afunge sumaku nyingine upande wa pili, zivutane, ngoma droo.

Rahimu hakucheka. Aliinuka, goti likamcheza, akashika ukuta.

— Mnazi sipandi hivi. Na huko naogopa. Nishike lipi?

— Usiende, Fanueli akasema. Mwenda pole hajikwai, sembuse asiyekwenda kabisa.

Hapo akafika Najat, mke wa Rahimu, katoka sokoni. Akatusalimia, akasikiliza kidogo.

— Kwani hizo skurubu ni za madini gani?

Bunge akamtazama Fanueli. Fanueli akamtazama Manase. Manase akajishughulisha na birika.

— Chuma si chuma tu, shemeji, Bunge akasema, sauti imepungua.

— Sijui. Ndiyo maana nauliza.

Rahimu akatoa simu, akampigia daktari, akasogea pembeni. Tulimwona anaitikia, anaitikia tena, mkono mmoja juu ya goti. Aliporudi alikaa, na safari hii hakuinuka upesi.

— Za titani. Sumaku haizivuti. Ila niwaambie wa mashine kuwa ninazo kabla sijaingia.

— Sasa mbona hakukwambia siku ile? Bunge akauliza.

— Aliniuliza kama nina swali, Rahimu akasema. Nikamwambia sina.