Neno Alilolikataza Mama Ritifaa

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, mhandisi wetu mkuu wa programu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne kazini. Jina lake kamili limo kwenye cheti tunachomkabidhi. Humu ndani tunamwita Mama Ritifaa, na chanzo cha jina hilo ni mimi. Katika kazi zangu zote, ndiyo pekee iliyodumu.

Alianzia katika chumba kilichokuwa stoo ya mafagio: kompyuta moja, feni moja, na ndoo ya kukinga maji ya dari. Humo akajenga mfumo wa kusajili wagonjwa ambao leo unatumika katika zahanati kumi na tisa. Amewafundisha kazi vijana thelathini na wanane. Wengi wako mbali na wana vyeo. Mimi nilibaki, lazima awepo mtu wa kuwaonyesha wageni choo kilipo.

Nilipoajiriwa nilijua kila kitu. Mwezi wa pili wa majaribio niliandika upya ukurasa wa usajili, nikaujaribu kwa jina langu, la mke wangu na la shemeji. Ukateleza vizuri. Jumatatu karani wa zahanati ya ng'ambo ya barabara akapiga simu: mfumo unakwama. Nikamjibu, nimeegemea kiti kama waziri: "Kwangu inafanya kazi."

Mama akasikia. Akachomoa nyaya za kompyuta yangu, akanibebesha, akasema basi tuwapelekee hiyo inayofanya kazi. Nikavuka barabara nimekumbatia kompyuta ya mezani kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba, kibodi ikining'inia magotini. Dirishani alisimama bibi mmoja mwenye ng' katika jina lake. Mfumo wangu ulipoiona ritifaa ile, alama ndogo kuliko sisimizi, ulizimia.

"Mfumo unasema hupo, bibi," karani alimweleza kwa mara ya tatu.

"Uambie nimekuja kwa miguu yangu," bibi akajibu, "na mguu wenyewe ndio unaouma."

Siku nzima nilikaa pale nikiwaandika kwa kalamu wote wenye ng', huku nikipanga namna ya kumwambia mke wangu kwamba kazi imeota mbawa. Ripoti ya Mama kwa wakubwa ilikuwa na maneno mawili: "Tumekosea. Tumerekebisha." Jina langu halikuwemo.

Kisha akanipa kanuni ambayo vijana wote thelathini na wanane wameisikia. Aliyekosea aseme "nimekosea" kabla hajaulizwa. Kiongozi wake aseme "tumekosea" mbele ya wakubwa. Na "kwangu inafanya kazi" asiseme mtu, hata kama ni kweli. Alikuwa na mengine, kama kusoma vizuri msimbo wa mwenzako, yaani maandishi ya programu yake, kabla ya kuucheka. Hilo nililielewa siku nilipoutukana msimbo mmoja nusu saa nzima, nikashuka hadi chini ya ukurasa kuangalia jina la mwandishi, nikakuta langu.

Jumatatu kiti chake nakirithi. Kukijaza nitakijaza, kwa upande wa kiuno. Kilichokuwa kikininyima raha ni kingine: kijana wa kwanza akiharibu kazi, nitasimama mbele yake au nyuma yake?

Mtihani haukusubiri Jumatatu. Kadi za mwaliko wa sherehe hii zilichapwa kwa programu ya mwajiriwa wetu mpya kabisa. Juzi, kadi zikiwa zimeshafika majumbani, alikuja mezani kwangu uso umemshuka. "Mkuu, nimekosea." Jina la mume wa Mama linaanza kwa ng'. Kadi yake imeishia kwenye N na G.

Nilikuwa nimeikagua programu hiyo mwenyewe. Niliijaribu kwa jina langu, la mke wangu na la shemeji.

Basi, mbele ya wakubwa wote, na mbele ya Mzee N-G aliyekubali kuja hata hivyo: tumekosea. Tumerekebisha.

Asante, Mama, kwa siku ile ya kuvuka barabara. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu za makarani, na mbele ya kila dirisha mtakaposimama, wewe na mzee, majina yenu yatoke kamili, na ritifaa yake.