Maisha ya Linah Nduta, Fundi wa Rangi Aliyekataa Maziwa

Marehemu Linah Nduta Wachira alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Ziwa, mtoto wa tatu wa Mzee Zachariah Waweru na Mama Marion Ciku. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na mimi Joy, mdogo wake ninayesoma haya, sioni sababu ya kumsafisha leo eti kwa kuwa amekufa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ziwa na kumaliza sekondari mwaka wa 1997. Mzee alitaka awe mwalimu. Yeye alishuka mjini Eldoret, akaingia gereji moja ya mabati na kuomba afundishwe kupuliza rangi ya magari. Mafundi walicheka. Haukupita muda wakawa wanamwita awachanganyie rangi.

Tarehe 7 Desemba 2002 alifunga ndoa na Bwana Peter Wachira, mfugaji wa Kapseret. Aliposhuka kwenye gari la arusi hakukimbilia kanisani. Aliupapasa mlango, akamwambia mjomba wetu mwenye gari kwamba aliyeupaka rangi alikuwa na haraka zake. Mjomba alimnunia hadi keki ilipokatwa. Mungu aliwabariki na watoto wawili, Ciku na Byron.

Kule gereji walipuliza rangi katika chumba kilichofungwa ili vumbi lisiingie, wakiwa na kitambaa tu puani, na mikono waliiosha kwa thina, maji makali ya kuyeyushia rangi. Dawa yao ilikuwa maziwa. Kila fundi aliamini kwamba maziwa husafisha kifua, na mwenye gereji aliipenda sana imani hiyo kwa kuwa ilimwepusha kununua barakoa. Linah ndiye aliyeyaleta kila asubuhi, kutoka kwa ng'ombe wa Wachira.

Mwaka wa 2016 fundi mwenzake, Murunga, alianza kuchoka na kutokwa damu kwenye ufizi, na kabla ya Krismasi saratani ya damu ikamuua. Linah alimtafuta daktari aliyemtibu. Akaelezwa kwamba mvuke wa thina na petroli huweza kuwa na benzini, kemikali ambayo hupitia mapafuni hadi kwenye damu na kuharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Maziwa huishia tumboni.

Kesho yake alifika kazini mikono mitupu. Mbele ya mwenye gereji aliwaambia wenzake: "Hii maziwa nimekuwa nikiwaletea ni ya chai. Haijawahi kuokoa mtu. Mimi sipulizi tena bila mask ya filter, wala hiyo mlango ikiwa imefungwa."

Alifutwa papo hapo. Mafundi wanne walitoka naye, wakafungua yadi yao mtaani Pioneer, banda lisilo na kuta. Vumbi lilipoharibu rangi walipiga msasa na kurudia. Aliyekuja bila barakoa yenye chujio alirudishwa nyumbani, hata kama gari lilikuwa la mheshimiwa.

Mwaka wa 2023 yeye mwenyewe aliishiwa nguvu, na madoa ya damu yakatokea chini ya ngozi. Ilikuwa lukemia, saratani ya damu ile ile iliyomuua Murunga. Daktari alisema hakuna kipimo cha kuthibitisha chanzo, ila kazi kama ile inajulikana kuleta ugonjwa huo. Kamati ya mazishi imetushauri tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mwenye gereji naye alituma mtu kuomba kazi ya marehemu isitajwe. Tumewakatalia wote wawili. Marehemu alimwambia mumewe wodini: "Wachira, wasiseme ati ni Mungu alinichukua. Mungu hauzi thina."

Alifariki tarehe 9 Mei 2025. Ameacha mume, watoto wawili, wazazi, sisi ndugu zake na mafundi wa yadi ya Pioneer. Tunaumia, na tuna hasira.

Najua mmekuwa mkinong'ona kwamba familia imebana pesa, mkiona jeneza hili la saiprasi halina vanishi. Ni yeye aliyeagiza. Alijua vijana wa seremala hupaka vanishi ndani ya duka lililofungwa, akasema hataki mtu yeyote avute mvuke ule kwa ajili yake. Basi tunamzika katika mbao tupu, na tunajivunia. Apumzike kwa amani, dada yetu, na hakuna aliyeugua kwa kumzika.