Kopo Lililoandikwa Vitamini

Nawasalimu kwa jina la Bwana, ndugu zangu. Naanza na jambo nililolikana miaka tisa, nikiwa na digrii na kitambaa safi kichwani: nilikuwa sishiki mkojo. Mnaokumbuka kanisa letu la mabati pale Kitengela mtakumbuka kwamba nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mlidhani ni unyenyekevu.

Miaka ya tisini ilipoanza, daktari aliniandikia vidonge vya kutuliza kibofu. Vilinisaidia, siwezi kudanganya. Nilirudi kufundisha vipindi viwili mfululizo. Ila niliona haya kuvimeza mbele ya walimu wenzangu, nikavihamishia kwenye kopo lililoandikwa "Vitamini". Akiuliza mtu, ni vitamini. Mwishowe hata mimi nikaamini.

Miaka ikapita, dunia ikaanza kulainika. Asubuhi ng'ombe walitoka kwenye vumbi la machimbo, wakavuka barabara ya Namanga, wakayeyuka katika weupe, kengele zao zikabaki zikilia. Paa za plastiki za mashamba ya maua upande wa Isinya ziligeuka ziwa. Mdomo wangu ulikuwa mkavu hata siku ambazo sikufunga. Na jioni, kwenye maombi ya akina mama, karabai ilipowashwa, niliona pete za rangi zikiizunguka, zambarau ndani, nyekundu nje, kama upinde wa mvua uliopata mahali pa kulala.

Nikafanya kosa la kusema. Mama Nashipae, muuza mbuzi na kiongozi wetu, akainua mikono. "Mwalimu," akasema, "huo ni utukufu. Wewe ni mwonaji."

Ndugu zangu, chuo kikuu kilinifundisha kushuku kila kitu. Hilo sikulishuku. Jicho la kushoto liliuma kila pete zilipokuja, nami nikasema ni uzito wa wito. Daktari wa macho kule Kajiado aliniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikajibu hapana, vitamini tu. Akanipa miwani.

Siku moja Mama Nashipae akaja nyumbani, akanisalimu kwa Kimaasai. "Sopa, Mwalimu."

"Epa."

"Hizo vitamini zako nipatie kidogo. Magoti yangu yamechoka kupigwa kwa maombi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikampa vinne. Nilimpa mwenzangu dawa ya kibofu ili nisitamke neno kibofu.

Siku ya tatu alirudi bila salamu. "Mwalimu, hii ni vitamini gani? Mdomo yangu imekauka kama ngozi imeanikwa. Nimefungua Zaburi, maandishi yote imetoroka."

Niliketi chini. Ng'ombe wangu wa asubuhi, ziwa langu, pete zangu, vyote vilikuwa ndani ya lile kopo. Nikamweleza yote, nikangoja anikemee. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mkojo tu? Mimi nimezaa saba. Unafikiri nikikohoa inakuwa nini?" Kisha kicheko kikaisha. "Na hayo macho, si yatakufa? Twende."

Alinishika mkono hadi kwa yule daktari wa macho, akaliweka kopo mezani yeye mwenyewe. Daktari akaeleza kwamba njia ya maji ndani ya macho yangu ni nyembamba, na vidonge vile viliibana hadi presha ya macho ikapanda. Zile pete zilikuwa dalili. Na mshipa wa jicho ukifa, haurudi. Akanitoboa tundu dogo jichoni kwa leza, akaandika barua nibadilishiwe dawa ya kibofu, akanipima tena. Majibu angeyasema kwa simu.

Wewe uliye na kopo lako, hata kama umeliandika nini, mkabidhi Bwana, kisha mpe daktari alisome. Mimi sikuaibishwa. Nilitumiwa muuza mbuzi mwenye magoti mabovu, naye aliponywa na siku mbili za kutomeza chochote changu.

Simu ya mkononi ilikuwa moja kikundini, ya Mama Nashipae. Ililia jioni ya maombi, akanipa.

"Presha imeshuka," daktari akasema. "Mshipa uko hai."

Nikaitazama karabai. Ilikuwa karabai.

"Anasema nini?" Mama Nashipae akauliza.

"Anasema mimi si mwonaji."

"Asante Yesu," akasema. "Sasa utaona."