Mpaka Uliomzunguka Mama Mkwe

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wa komine yetu, waheshimiwa washauri, wakuu wa huduma za mji wa Kolwezi, Baba Padri na Mama Mchungaji, mliokubali leo kukaa benchi moja, mashefu wa kartie, ndugu wachimbaji, ndugu wageni waalikwa, pamoja nanyi mnaochungulia dirishani kwa sababu viti vimekwisha: jambo yenu wote. Kama nimekosea kupanga vyeo, mnisamehe. Kupanga kila kitu mahali pake si kipaji changu, ingawa ndiyo kazi ninayolipwa.

Kwa wasionijua, mimi ni Symphorien Kalumba, mkuu wa hii Ofisi ya Ramani ambayo Mheshimiwa anaifungua rasmi leo. Nimesomea ramani miaka mingi kule Lubumbashi. Asubuhi hii nilipanda taxi-moto, nikamwambia dereva anilete kwenye Ofisi ya Ramani. Akaniuliza iko wapi. Nikamwonyesha njia kwa kidole, kwa uhakika kabisa, na tukafika sokoni Manika. Mwishowe yeye ndiye aliyemuuliza mama mmoja muuza makayabu, samaki wale wa chumvi, na mama yule akatuelekeza vizuri sana, bila setilaiti.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya kazi yenyewe kabla sijafika kwenye aibu. Siku hizi ramani ya komine haichorwi kwa rula na penseli. Droni inapiga picha kutoka juu, setilaiti inatuambia tuko wapi, kisha sisi tunatembea kwa miguu na mashine ya GPS mkononi, tunaufuata mpaka wa kila kartie, mtaa kwa mtaa, na mashine inaandika kila tunapopita. Kutokana na hapo komine inajua bomba la maji lifike wapi, korongo la mvua linaila barabara gani, nyumba zipi zimekaa juu ya mashimo ya wachimbaji, gari la wagonjwa lipite wapi. Zamani, tulipokuwa hatuna ramani, tulimuuliza nani? Si tulimuuliza yule aliyepiga kelele zaidi mkutanoni, na bomba likaenda mlangoni kwake? Kwa hiyo msinielewe vibaya, mashine ni nzuri. Mashine haina mama mkwe, lakini mimi ninaye, na leo amekuja.

Kisa hiki mnakijua tayari. Mimi mwenyewe nimekisikia ndani ya minibus, nikiwa nimekaa nyuma ya msimulizi, na msimulizi akaongeza kwamba nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu. Sikupoteza kiatu. Basi acheni nikisimulie mwenyewe, angalau viatu vyangu vibaki miguuni.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulikuwa tunachora mpaka wa kartie ya Musokolo. Ruffin, fundi wetu wa mashine, alikuwa amelala na malaria, nami nikaamua kushika GPS kwa mkono wangu, ili watu waone kwamba hata mkubwa anafanya kazi. Nikawa nashuka avenyu Kisanji. Mbele yangu nikaona parsele, kiwanja chenye ukuta wa matofali mabichi, na nje ya ukuta mama mmoja anaanika mihogo. Alikuwa ni mama Henriette, mama mzazi wa mke wangu Angèle.

Hapa ndani mna wakwe, sina haja ya kuwaeleza. Kwetu sisi mwanaume hakutani hivi hivi na mama mkwe njiani, jasho linamtiririka, mikono mitupu, kofia ya plastiki kichwani. Anatoka njiani, anampisha. Na mimi nilimpisha. Nilimpisha vizuri mno: nikapita nyuma ya shule, nikashuka mferejini, nikakata katikati ya mashamba ya mahindi, nikajitokeza upande wa pili nikiwa na fahari kwamba nimetimiza adabu. Mashine mkononi mwangu ilikuwa bado inaandika.

Mashine haikujua kwamba ile ilikuwa adabu. Yenyewe iliandika kwamba mpaka wa Musokolo unapita nyuma ya shule, unashuka mferejini na kuyazunguka mahindi. Avenyu tatu, Kisanji na Muvula na ile fupi ya Bilima, zikabaki nje. Niliporudi biro, ofisini kwetu, nikauona mkunjo huo kwenye skrini. Je, mtaalamu alishtuka? Mtaalamu aliusifia. Niliwaeleza wenzangu kwamba huo ni mpaka wa asili, unafuata maumbile ya ardhi, na wenzangu, ambao mimi ndiye mkubwa wao, wakakubali haraka sana. Kwenye picha za droni mapaa ya nyumba yalionekana. Nikasema hivyo ni vibanda vya muda vya wachimbaji. Nikaandika pale: ardhi isiyo na wakazi.

Ramani ikagawiwa. Fundi wa bomba alifika mpaka shuleni, akaitazama ramani yangu, akakunja vifaa vyake akarudi. Halafu kampuni moja ya malori ikawa inatafuta mahali pa kuegesha magari ya shaba yanayongoja safari. Waliomba ardhi tupu, na ramani yangu ikawaonyesha ardhi tupu. Siku moja wakaja watu na nyundo, wakapigilia vigingi vyekundu toka avenyu hadi avenyu. Kimoja kiliingia katikati ya bustani ya mihogo ya mama Henriette.

Angèle akaniambia kwamba mama yake amepigiliwa kigingi. Nikamjibu, kwa utulivu wa mtu aliyesoma, kwamba haiwezekani, kwa sababu pale hakuna mtu anayeishi. Akaniuliza kama mama yake si mtu, au kama haishi. Nikamwambia nitaangalia kwenye ramani. Naona wanaume mliooa mnacheka. Chekeni tu; mimi nililala na njaa.

Mwishowe mama Henriette alikuja mwenyewe biro. Fikirini: mama mkwe, kwa miguu, kutoka Musokolo, amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Nilitaka kujificha nyuma ya kabati, lakini mnaniona nilivyo, na kabati letu ni jembamba. Basi mimi nikageukia ukuta, yeye akageukia mlango, na Ruffin akawekwa katikati awe mjumbe. Chumba ni kidogo, kila neno nililisikia kwa masikio yangu, na bado Ruffin alilichukua, akageuka, akaniletea.

Mama Henriette alisema vigingi vimeingia mpaka kwenye mihogo na majirani wameanza kufunga vitu. Alisema ile nyumba aliijenga marehemu mume wake, tata Mwenze, tofali kwa tofali, akitoka mgodini, na kwamba anaishi mle na wajukuu ambao hajui atawapeleka wapi. Nami, kupitia kwa Ruffin, nikajitetea. Nikaomba aambiwe kwamba mstari ulipinda kwa ajili ya kumheshimu yeye. Nilidhani hapo nimeshinda. Mama Henriette akasema:

"Ruffin, muambie mukwe: siku ile mi nilimuona, eko anapita mu mahindi. Nikafurahi, nikasema niko na mukwe wa heshima. Sasa umuulizeko: heshima gani inamutosha muntu inje ya nyumba yake? Ile mi sikumuombaka."

Ruffin akafungua mdomo ili arudie. Nikamwomba asirudie. Niliona aibu, ndugu zangu, aibu ya kweli, si hii ninayowachekesha nayo. Nilikuwa nimemwondoa mjane nyumbani kwake kwa mwendo wa adabu, na juu ya hayo nikaupa mwendo huo jina la kitaalamu.

Nikataka kumtuma Ruffin akachore upya. Mama Henriette akakataa, na aliyeleta jibu ni Ruffin huyo huyo: aliyezunguka ndiye atakayepita. Basi wazee wa pande zote mbili wakakutana, nikatoa kuku na kitenge ili nifunguliwe njia ya kuingia kwa mkwe, na Jumamosi moja nikaingia mlango wa parsele ile na GPS mkononi. Avenyu zote tatu zilitoka kuangalia. Nikapita karibu na jiko, nikapita karibu na choo, nikainama chini ya kamba ya nguo, ambapo zilianikwa nguo ambazo mkwe hapaswi kuziona, na sikuziona. Mama Henriette alitangulia mbele, bila kugeuka, akitaja kila mlango: hapa kwa Tshimanga, hapa kwa mama Tania, hapa kwa Merdi mchimbaji na mke wake aliyejifungua juzi. Nyuma ya kila ukuta niliouita kibanda cha muda palikuwa na watu, na wengine wao walinipa kiti na maji ya kunywa. Maji hayo waliyachota mbali, kwa sababu yangu. Niliyanywa yote, nikashukuru.

Sasa, Mheshimiwa Bourgmestre, nifike kwenye jambo lenyewe. Juu ya meza ile kuna ramani mbili. Ya kwanza ina fremu ya kung'aa, ilichapwa Lubumbashi kabla kosa halijajulikana, na ni nzuri mpaka inatia uchungu. Ya pili tumeichapa wenyewe hapa, wino wa kijani uliisha katikati ya kazi, na misitu yetu imekuwa ya njano. Lakini ndani ya hiyo ya pili Musokolo ina avenyu zake zote. Utakayoitia sahihi leo ndiyo itakayokuwa ramani ya komine, na vigingi vitabaki au vitang'olewa kulingana na sahihi hiyo. Malori yanatazamiwa Jumatatu.

Watu wanaonitakia mema wamenishauri niilete ya kwanza peke yake. Wamenikumbusha kwamba kuna mapatano na kampuni ya malori yaliyokwisha kufanyika, na kwamba mpakani Dilolo wanamtafuta mtu wa kuangalia mabehewa yanayotoka Angola. Nikitumwa nitakwenda. Reli ni kazi inayonifaa, maana haiwezi kumpisha mtu. Ila nitaomba nipelekwe na mwenzangu anayeijua njia.

Namshukuru Ruffin, aliyebeba maneno mazito kuliko mashine zake. Namshukuru Angèle, aliyenipikia tena baada ya muda. Nawashukuru watu wa Musokolo, ambao walikuwa na sababu nzuri ya kunipiga na hawakunipiga. Nanyi nyote mliokuja, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu na kicheko chenu. Vyote nilivihitaji ili nifike hapa nilipofika.

Neno moja nimeliweka la mwisho. Tangu asubuhi watu wa itifaki wananiuliza kwa nini kiti cha mama Henriette kimewekwa pale, kati ya viti vya wakubwa na meza, mahali kinapoziba njia. Nimekiweka mimi. Upande wa kushoto, nyuma ya zile nguzo, kuna nafasi ya kuzunguka mpaka mezani bila kukutana naye. Naijua sana njia ya namna hiyo, na najua inafikisha wapi. Mheshimiwa, nakuomba usiifuate. Pita mbele yake, umsalimie, halafu ushike kalamu.