Mama Tagi na Haya ya Kuvutwa

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti. Kama chai iko jikoni, punguzeni moto kwanza, maana leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye hakupenda kukatizwa akiongea.

Alikuwa fundi rangi. Fundi rangi wa meli. Alining'inia juu ya ubao uliofungwa kamba, ubavuni mwa meli, brashi mkononi, akipaka chuma kirefu kuliko mtaa wake. Aliifanya kazi hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe, na ukucha wa kidole gumba ukabaki na wekundu usiotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Bandarini walimwita Mama Tagi.

Kwa nini Tagi? Ni mapenzi tu. Tagi, kwa msiojua, ni ile meli ndogo, nene, yenye matairi kiunoni, inayovuta meli kubwa na kuzisogeza gatini. Mama huyu alipaka meli za kila aina: za makontena, za mafuta, za abiria. Lakini moyo wake ulikuwa kwa tagi. "Fupi kama mimi," alisema, "na haimwombi mtu msaada."

Kaka yake, mstaafu wa kazi ya winchi, alizihusudu meli nyeupe za abiria. Jumamosi walipokaa kibarazani, majirani walijua hapalaliki.

"Meli ya abiria ni bibi harusi, dada. Taa, madirisha, muziki!"

"Bibi harusi gani asiyeweza kuingia mlangoni mpaka ashikwe mkono?"

"Una wivu tu wewe."

"Wivu? Nimempaka rangi mpaka mapajani. Namjua!"

Binti wa Mama Tagi, mshonaji wa mapazia, hakuwa mtu wa maneno mengi. Yeye alipenda tishari, lile bapa lisilo na injini, linalobeba mzigo likivutwa. Alipenda lilivyobeba bila kelele. Mama yake aliposikia, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Tishari! Mwanangu, huo ni mkokoteni uliolowa. Kitu kizima kinakubali kuvutwa kama mbuzi!"

Likumbukeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Kuvutwa kama mbuzi. Lilikuja kumrudia mwenyewe.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ukagoma. Mkono wa brashi ukagoma. Ulimi, anasema binti yake, haukugoma hata siku moja. Binti akaleta kiti cha magurudumu. Mama akakitazama kama mtu aliyeletewa jeneza akiwa hai.

"Kirudishe. Mimi sisukumwi barabarani kama gunia la mkaa."

Kiti kikawekwa nyuma ya mlango, kikageuka cha kutundikia nguo. Mama naye akabaki chumbani. Dirisha lake lilitazama ukuta wa ghala. Honi alizisikia, meli hakuziona. Mwanzoni alizitaja: "Hiyo ya mafuta. Hiyo tagi." Baadaye akaacha kuzitaja. Sahani zikawa zinarudi jikoni na chakula nusu. Binti aliona. Mama yake alikuwa anazama mchana kweupe, na kamba ya kumwokolea iko nyuma ya mlango, imefunikwa na magauni.

Akapiga moyo konde. Siku moja honi nzito ililia, naye akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, hiyo meli gani?"

"Ya abiria. Bibi harusi wa mjomba wako."

"Imetoka mbali?"

"Mbali mno. Imekata bahari nzima."

"Peke yake?"

"Sasa ingekuja na nani?"

"Na hapa mlangoni mwa bandari, inaingiaje?"

Mama akamkazia macho. Alishaona anakopelekwa.

"Inavutwa," alisema mwishowe.

"Kwani injini yake mbovu?"

"Usinichezee, mtoto wewe! Injini nzima kabisa. Ila imefika karibu na nyumbani. Njia ya gatini ni nyembamba, ikijitia nguvu itajivunja yenyewe."

"Basi, mama. Na wewe bahari umeshaikata."

Mama aliutazama mlango. Kisha akasema, "Hizo nguo zenu zitoeni hapo. Mnataka nikalie magauni?"

Wakatoka. Kaka mtu alipopata habari, alikuja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. Kwenye uzio wa bandari waliikuta meli nyeupe ikiletwa na tagi mbili, moja mbele, moja ubavuni. Na Mama Tagi kitini, anatoa amri.

"Polepole! Tagi haikurupuki. Wewe kaka, sukuma, acha kumshangaa bibi harusi wako. Na mnipigie honi, kwani mimi tishari?"

Kaka akapiga honi kwa mdomo. Watu wakageuka. Binti akacheka, machozi yakamtoka.

Tangu siku hiyo walitoka kila Jumamosi, na kabla kiti hakijasogea mama aliuliza kama kamba imefungwa, kama nahodha wa tagi. Wiki iliyopita, asubuhi, mama akiwa kitandani, aliushika mkono wa binti yake.

"Umefunga kamba?"

"Nimefunga, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Tunampa pole binti yake. Tunampa pole kaka yake, ambaye sasa hana wa kubishana naye, na hilo ni pigo lake peke yake. Poleni mafundi rangi wote mliofanya naye kazi.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tazameni nyumbani mwenu. Huenda yupo aliyekata bahari yake yote, sasa amesimama nje ya gati, anaona haya kuomba kamba. Msingoje awaite. Mtupieni.